Ndoo ya Foleni: Historia ya Besi ya Kushika Nafasi

Bombani, maji yanapotoka kwa mgawo, ndoo hupanga foleni badala ya watu. Mwenye ndoo anaweza kuwa nyumbani akiungua na moshi wa jikoni. Ndoo yake, hata iwe na ufa, imemshikia nafasi. Watunzi wa nyimbo wa siku hizi nao wana ndoo yao. Mtu mwenye gitaa na simu, au kinanda na kompyuta, akishapata sauti ya wimbo na kodi zake (kodi za muziki, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, si zile za serikali), huiagiza programu imtilie besi. Sekunde chache baadaye mdundo wa chini umeingia, umenyooka, haukosei hata mpigo mmoja. Ukimuuliza atakuambia hiyo ni ya muda tu, ya kumsaidia kutunga, na mpiga besi wa kweli akipatikana itafutwa. Ninalobisha hapa ni hilo neno "ya muda". Ukifuatilia historia ya besi zilizowekwa kumshikia nafasi mtu asiyekuwepo, na historia hiyo ina zaidi ya miaka 400, utakuta kwamba mara nyingi ndizo zilizoamua wimbo uwe nini. Mashine haikuhitaji akili kwa hilo. Ilitosha kwamba aliyeiweka hakujiona kama mtu anayeamua jambo.

Waliopitia kwaya hawatahitaji maelezo marefu. Chukua waimbaji watatu wanaoshikilia do, mi na so. Mwimbaji wa besi akiimba do chini yao, sauti zimekaa kitako. Wimbo unaweza hata kuishia hapo. Akiimba mi, wale wa juu hawajabadili chochote, lakini kuna kitu kimebaki kikining'inia, kinataka kusogea. Akishuka hadi la, wingu limetanda. Wale watatu wanaweza kuapa kwamba hawakugusa kitu, nao watakuwa wanasema kweli, ila msikilizaji amesikia kodi tatu tofauti. Besi pia ndiyo inayouonyesha mguu pa kukanyagia. Ikitangulia kidogo mbele ya mpigo wimbo unaharakisha, ikichelewa unajivuta kama mtu aliyeshiba. Kwa hiyo anayesema ameshamaliza wimbo, imebaki besi tu, ni kama fundi anayesema nyumba imekwisha, umebaki msingi.

Wazee wa kazi hii walilijua hilo vizuri, na mwanzo wa habari yenyewe ni watu kukosekana. Mwaka 1602, mjini Venice, mtawa wa Kifransisko aitwaye Lodovico Viadana alichapisha mkusanyo wa nyimbo za kanisa uitwao Cento concerti ecclesiastici. Katika utangulizi alieleza kilichomsukuma. Makanisa mengi yalikuwa na waimbaji wawili au watatu, huku nyimbo zilizokuwepo zimetungwa kwa sauti tano, sita, hata nane. Waimbaji hao wachache waliimba sehemu zao na kuziacha nyingine, na wimbo ukawa na matundu. Dawa yake ilikuwa kutunga nyimbo za mwimbaji mmoja hadi wanne, kisha kuweka chini yao mstari mmoja wa besi usiokatika, ambao mpiga kinanda wa kanisa aliufuata kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akajaza kodi za juu kwa busara yake. Miaka mitano baadaye Agostino Agazzari alichapisha huko Siena mwongozo wa kupiga juu ya besi ya namna hiyo, akagawa vyombo katika makundi mawili, vya msingi na vya pambo. Katika desturi hiyo watunzi waliandika tarakimu juu au chini ya nota za besi kumwonyesha mpigaji kodi gani inatakiwa, na kwa karibu miaka 150 muziki mwingi wa Ulaya ulitembea hivyo. Tazama ni kipi kilichoandikwa na kipi kilichoachwa. Nota za besi ziliandikwa moja baada ya nyingine, na mtunzi alizisimamia. Zilizoachiwa mpigaji ni zile za juu. Pengo la waimbaji lilizibwa kwa kuikaza besi.

Mjini Naples desturi hiyo ikageuka shule. Nyumba nne za kulelea mayatima zilizoanzishwa huko katika karne ya 16 zilikuja kuwa vyuo vya muziki, na humo watoto walifundishwa ufundi wa kutunga kwa njia inayoweza kumshangaza kijana wa leo. Mwalimu alimpa mwanafunzi mstari mmoja, kwa kawaida wa besi, naye akiwa kwenye kinanda alitakiwa kuujengea wimbo mzima papo hapo. Francesco Durante alifundisha hivyo, na kati ya waliopita mikononi mwake ni Pergolesi na Paisiello. Fedele Fenaroli alichapisha kanuni za kazi hiyo mwaka 1775, na vizazi vya watunzi vikazisoma. Kwa watoto wale besi ndiyo iliyokuwa swali, na mengine yote majibu.

Programu za sasa zimelipindua swali. Mtumiaji anaandika kodi, mashine inajibu kwa besi. Mapinduzi haya hayakuletwa na kompyuta. Katika karne ya 20 wachapishaji wa nyimbo za jazi na za redio walizoea kuandika sauti ya wimbo na majina ya kodi juu yake, basi. Mpiga besi alitarajiwa kujua la kufanya. Kule Detroit, katika studio za Motown, James Jamerson mara nyingi aliwekewa mbele karatasi ya kodi tu, na juu ya karatasi hiyo akabuni mistari ambayo wapiga besi wa dunia nzima wanaendelea kuisoma hadi leo. Jina lake halikuandikwa kwenye jalada la albamu ya Motown hadi mwaka 1971, ilipotoka What's Going On. Nalitaja kwa sababu lina uzito katika hoja hii. Fikra kwamba besi ni kitu cha kujaziwa, kisicho na mtunzi, ilianza wakati mjazaji alikuwa bado ni mtu mwenye vidole. Mashine ilipokuja ilikuta kiti kimeshateremshwa hadhi. Bendi za dansi za Dar es Salaam na Nairobi ziliponea kwa njia nyingine: wimbo ulipikwa mazoezini, mpiga besi akiwa amekaa palepale, na mtu aliyepo hahitaji ndoo ya kumshikia foleni.

Mashine zenyewe zilianza kwa unyenyekevu. Vinanda vya sebuleni vya miaka ya 1960 na 1970 vilikuwa na vitufe vya kuanzisha ngoma na besi ili mpigaji wa nyumbani ajione ana bendi. Kisha kampuni ya Roland ya Japani ikatoa TB-303, kisanduku kidogo kilichobuniwa na mhandisi Tadao Kikumoto na kufika madukani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilikusudiwa kumsindikiza mpiga gitaa asiye na mpiga besi. Unakipangia nota, unakiacha kiende. Kama kaimu wa mpiga besi kilikuwa kichekesho. Kilikuwa kigumu kupangia, na sauti yake haikufanana na gitaa la besi hata kwa mwenye huruma. Viliundwa takriban 10,000, uzalishaji ukasitishwa mwaka 1984, na vilivyobaki vikauzwa kwa bei ya kutupa. Kule Bombay, Charanjit Singh alikuwa ameshakitumia mwaka 1982 kupigia raga za Kihindi juu ya mdundo wa disko, katika albamu ambayo wakati huo wachache sana waliijali. Kule Chicago, vijana watatu waliojiita Phuture walikipata kikiwa mtumba. Walipokuwa wanakihangaikia, DJ Pierre akaanza kuzungusha vitufe vya kubadili sauti huku mstari wa besi ukijirudia, na kile kisichofaa kuwa besi kikaanza kulia, kubweka, kuteleza. DJ Ron Hardy aliipiga kanda yao katika klabu ya Music Box. Mwaka 1987 ikatoka kama santuri ya Acid Tracks, na mtindo mzima wa muziki ukachukua jina lake hapo.

Kisa cha pili ni kizuri zaidi. Mwaka 1980 kampuni ya Casio, iliyojulikana kwa vikokotoo, ilimwajiri Hiroko Okuda, msichana aliyetoka chuo cha muziki ambako utafiti wake wa kuhitimu ulihusu rege. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kutengeneza midundo ya kinanda kidogo cha MT-40, kilichotoka mwaka 1981. Mdundo mmoja uliitwa roki. Ulikuwa wa kusindikizia tu, besi na ngoma za kumpa mwanafunzi wa nyumbani kitu cha kupigia juu yake. Miaka michache baadaye kinanda hicho kilikuwa mikononi mwa Noel Davey, mjini Kingston, Jamaika. Yeye na mwimbaji Wayne Smith walikutana na mdundo ule, wakaupeleka kwa prodyuza King Jammy, naye akaupunguza mwendo hadi ukaketi mahali pa rege. Under Mi Sleng Teng ya mwaka 1985 ikawa wimbo uliogeuza muziki wa Jamaika kutoka studio za wapigaji hadi studio za mashine, na juu ya besi hiyohiyo zikarekodiwa mamia ya nyimbo nyingine. Besi iliyotengenezwa ili asiyekuwepo aonekane kama yupo ikawa ndiyo mwenye nyumba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe akalima shamba lote. Hata uswahilini kwetu, vinanda vidogo vya Casio vilipofika mikononi mwa vikundi vya mchiriku vya Dar es Salaam katika miaka ya 1990, havikubaki vitu vya kujifunzia. Vilichomekwa kwenye vipaza sauti vilivyochoka, vikawekwa mbele, na kazi ya chini wakaishika wenye ngoma.

Hapa mpinzani ana haki ya kunikatiza. Kama besi ya muda ilizaa Sleng Teng na Acid Tracks, ubaya uko wapi? Mbona inaonekana ni baraka? Swali ni zuri, na jibu liko ndani ya visa vyenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya watu wale aliyeiacha besi kama alivyoikuta. Jammy aliubadili mwendo. Pierre aliizungusha sauti hadi haikutambulika. Wote waliacha kuiona kama ya kushika nafasi, wakaisikiliza kama kitu chenye tabia yake, kisha wakaamua. Wanachothibitisha ni kwamba mashine inaweza kutoa besi yenye thamani, na hilo silikani. Ninachokitilia shaka ni lile tendo la kuiweka bila kuisikiliza kwa kuwa eti itaondoka. TB-303 ilisaidiwa na ubovu wake, maana hakuna aliyeweza kuisahau ikilia. Hatari ilianza pale mashine zilipokuwa nzuri kiasi cha kusahaulika.

Na zikawa nzuri upesi. Mwaka 1990 kampuni ya PG Music ya Kanada, ya daktari Peter Gannon, ilitoa Band-in-a-Box: andika majina ya kodi, chagua mtindo, programu inakupa besi, ngoma na piano. Baadaye iliongeza rekodi za wapigaji halisi wa studio, zikikatwa na kuunganishwa zifuate kodi zako. GarageBand ya Apple ilikuja mwaka 2004, na ilipohamia iPad mwaka 2011 ilikuwa na gitaa la besi ambalo unaligusa tu kwenye kodi nalo linajua nota. Toontrack ya Uswidi ilitoa EZbass mwaka 2020, na mwaka 2024 programu ya Logic Pro ikampa mtunzi mpiga besi wa kompyuta anayefuata kodi na kuambiwa apige kwa wingi au kwa uchache, kwa nguvu au taratibu. Zote zina tabia moja inayotokana na namna zinavyoulizwa. Zikipewa kodi ya do-mi-so, mahali salama pa kuanzia ni do, na pa kuianzia ni mpigo wa kwanza. Unaweza kuziagiza vingine, lakini lazima ujue kwanza kwamba kuna vingine. Mtunzi asiyejua anapewa do chini ya kila do-mi-so, mwaka hadi mwaka, na wimbo uliokuwa unataka kuning'inia unakalishwa kitako kabla mwenyewe hajausikia ukining'inia. Kisha sauti ya mwimbaji inatungwa juu ya utulivu huo, maneno yanafuata sauti, na mpiga besi wa kweli anapofika baada ya miezi miwili anakuta kazi iliyobaki ni kunakili.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Besi nyingi za muda hufutwa kweli, na mimi nimeokota zile chache zilizopata umaarufu. Zilizofutwa hazina wa kuzisimulia. Ni kweli, lakini kufutwa si kutoacha alama. Paul McCartney alipopata sauti ya wimbo wa Yesterday hakuwa na maneno, kwa hiyo kwa muda aliiimba kwa maneno ya mzaha yaliyohusu mayai ya kuvuruga. Maneno hayo yalifutwa, hayupo anayeyahitaji. Lakini jina la Kiingereza la mayai hayo lina silabi tatu, na neno lililochukua nafasi yake lina silabi tatu vilevile, likiangukia palepale. Ndoo iliondolewa, duara lake likabaki kwenye vumbi. Wenye filamu wanalijua hili kwa uchungu. Stanley Kubrick alipokuwa anahariri 2001: A Space Odyssey aliweka muziki wa zamani ili kumshikia nafasi mtunzi, ukiwemo wa Richard Strauss, huku Alex North akitunga muziki mpya. Filamu ilipoonyeshwa mwaka 1968, North aligundua akiwa ukumbini kwamba muziki wake wote umeachwa na ule wa muda ndio uliobaki. Kubrick hakukosea, picha zile na muziki ule leo havitenganishiki. Lakini North hakushindana na Strauss tu. Alishindana na masikio yaliyokuwa yameshazoea, na mpiga besi anayeitwa mwishoni anaingia kwenye shindano hilohilo.

Lipo pingamizi la tatu, la mfuko. Mtunzi wa Mbagala au Kisauni mwenye kompyuta moja na FL Studio hana fedha ya kumlipa mpiga besi akae naye wiki nzima akitafuta, na historia ya Bongo Fleva, iliyojengwa na maprodyuza waliofanya kazi ya bendi nzima kwa mikono miwili, isingekuwepo kama wangesubiri. Tena wapiga besi wa nyama na damu nao wana mazoea yao. Wengi hutoa do kwenye mpigo wa kwanza bila kuulizwa. Hayo nayakubali yote. Lakini mpigaji mvivu ana kitu kimoja ambacho kodi zilizoandikwa hazina: anamsikia mwimbaji. Anajua pumzi imekatwa wapi, neno gani limevutwa, na siku yake ikiwa nzuri anaacha kupiga ili neno lipite. Programu inayosoma kodi peke yake haijui kama kuna neno. Na umaskini haumlazimishi mtu kuanza na besi ya kuagiza. Kuna kisichogharimu hata senti, nacho ni kupaacha patupu kwa muda, au kuimba besi kwa mdomo, jinsi mwalimu wa kwaya anavyoimba sehemu nne kwa zamu kabla ya kuwagawia watu.

Kupaacha patupu kuna rekodi yake. Mwaka 1967, katika kazi ya albamu ya Sgt. Pepper, McCartney mara nyingi aliiacha besi hadi mwisho, akairekodi peke yake baada ya vingine vyote kuingia. Sikiliza albamu hiyo kwa sikio la chini tu, utaona besi inavyopita kati ya sauti nyingine, inapanda pale wengine wanaposhuka, mara nyingi haigusi do uliyoitarajia, kwa sababu aliyeipiga alikuwa ameshaujua wimbo wote na hakuwa na kitu cha kunakili.

Na Prince, mwaka 1984, alikwenda mbali zaidi ya hapo. When Doves Cry ilirekodiwa ikiwa na besi kamili, aliyoipiga mwenyewe, naye alikuwa mpiga besi hodari kuliko wengi wanaojiita hivyo. Alipousikiliza wimbo, akaitoa. Hakuweka nyingine mahali pake. Mashine ya ngoma, kinanda na sauti yake vikabaki juu ya utupu, na wimbo huo ukakaa wiki tano katika namba moja ya Marekani, mahali pa besi pakiwa pameachwa wazi kwa makusudi.